Kufuatilia chimbuko la jina adimu la ukoo lililofika Brazili na Waitalia

Tafuta kijiji kwanza. Maana ya jina itasubiri. Jina moja laweza kuzuka mara kadhaa katika koo zisizohusiana, na ni mahali alikozaliwa mhamiaji tu panapoonyesha lipi ni lenu.

Omba cheti cha ndoa cha wa kwanza katika ukoo wenu kuolewa au kuoa Brazili, tena nakala kamili (inteiro teor), kwa kuwa muhtasari huacha mengi. Usajili wa serikali ulianza 1889. Ndoa za kabla ya hapo ziko parokiani. Hata za baadaye, pitia pia daftari la parokia: pale karani aliporidhika kuandika "Italia", padri huenda alitaja kijiji chenyewe. Kwa waliopitia São Paulo, kagua madaftari ya Hospedaria de Imigrantes, nyumba ya kupokelea wahamiaji katika mtaa wa Brás, iliyofunguliwa 1887. Familia iliandikwa pamoja, hivyo majina na umri wa watoto vitakuhakikishia kwamba hao ndio wenyewe.

Hapa ndipo wengi hukwama: tahajia. Karani aliandika alichosikia, kwa Kireno. Chi ikawa qui, gn ikawa nh, konsonanti mbili zikawa moja. Zanchetta ikageuka Zanqueta, Brugnera ikawa Brunhera. Orodhesha maumbo yote kabla ya kutafuta, na Giuseppe mtafute pia kama José. Jina lisiloonekana kabisa Italia leo mara nyingi limeharibiwa tahajia, halijatoweka.

Ukijua mkoa (provincia) wa Italia bila kijiji, omba liste di leva kwenye Archivio di Stato, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali, ya mkoa huo. Ni orodha za vijana wa kiume waliofikia umri wa jeshi, na waliokwisha kuhama nao waliandikwa humo.

Ukishapata kijiji, ingia Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia yenye picha za madaftari ya usajili, ni bure. Chagua mwaka na daftari la Nati (waliozaliwa), kisha fungua faharasa mwishoni mwa daftari. Usitegemee kisanduku cha kutafutia, maana madaftari mengi hayajaingizwa majina. Usajili wa serikali wa kudumu ulianza Veneto 1871, Sicilia 1820. Trentino ilikuwa ya Austria hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo huko nenda moja kwa moja parokiani.

Ukikuta "genitori ignoti" (wazazi hawajulikani), mtoto aliokotwa au aliachwa, na jina huenda lilibuniwa siku hiyo na aliyemsajili. Usihangaike na koo za nyuma zenye jina hilo. Omba daftari la kituo kilichompokea.