Kutulia asubuhi kabla jua la Dodoma halijapanda

Amka saa 11:45 alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kunguruma. Kaa uani kwenye kigoda, mgongo wima, nyayo chini. Kitandani utasinzia tu. Simu iache ndani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, ndiyo maana mwili hulegea. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno: pumua kawaida. Mawazo ya ada na kodi ya nyumba yatakuja, hayakosi. Sikiliza ufagio wa jirani ukikwaruza mchanga, kisha rudi kuhesabu. Anza na dakika 3, si 20. Pupa ndiyo huwafanya wengi waache. Juni na Julai upepo unauma, jifunike kitenge.