Klauni wapya wakipigana, mwangalie anayepigwa

Tangi langu la maji chumvi liko dukani, hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Nashona nguo hapa Majengo, Moshi, na kila nikiinua macho kutoka kwenye pindo nawaona samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe: klauni. Kwa kuwa nakaa hapo tangu saa mbili asubuhi hadi giza linapoingia, nauona ugomvi wao tangu unapoanza hadi unapokwisha. Mwenye tangi anayeshinda kazini na kurudi jioni anaona kipande tu. Ndiyo maana wengine huwatenganisha haraka samaki ambao wangeelewana, na wengine huchelewa kumwokoa anayeuawa.

Nilipowaleta hawa nilio nao sasa, siku ya pili kijana mmoja alikuja kuchukua suruali yake, akasimama mbele ya kioo.

"Shikamoo mama. Mbona samaki wako wanauana?"

"Marahaba mwanangu. Mwache huyo mkubwa, hebu mtazame mdogo."

Mkubwa alikuwa amemkimbiza hadi nyuma ya chungu cha maua nilichokilaza mchangani. Mdogo akageuza ubavu kidogo, kama anayetaka kulala, kisha mwili wote ukatetemeka kuanzia kichwani hadi mkiani, sekunde mbili tatu hivi. Mkubwa akapita karibu, akamgusa ubavuni, akaenda zake.

"Anaumwa?" kijana akauliza.

"Hapana. Na yeye anatoa shikamoo."

Huo ndio mzizi wa jambo lenyewe. Klauni wote huanza wakiwa madume. Wakikaa wawili, yule mkubwa hugeuka jike na kuwa mwenye nyumba, na mwingine hubaki dume. Aliyekwisha kuwa jike harudi tena kuwa dume. Kwa hiyo wapya wakikutana wana swali moja tu la kumaliza, nani mkubwa hapa, na hulimaliza kwa kufukuzana na kung'atana. Mdogo akitetemeka, amekubali. Jike anaweza kuendelea kumsukuma siku kadhaa, hata wiki mbili au tatu, na bado nyumba ikawa salama, mradi shikamoo inatoka na mdogo anakula.

Sikuyajua haya nilipoanza. Niliuziwa samaki wawili waliolingana, kila mmoja kama sentimita saba, nikaambiwa ni mume na mke. Wote walikuwa majike. Walishikana midomo, wakavutana huku wakizunguka, wakaachana, wakashikana tena. Hakuna hata mmoja aliyetetemeka. Mimi nikasema wanazoeana. Siku ya tatu nilimkuta mmoja amejibanza nyuma ya hita, mapezi yametafunwa hadi kwenye nyama, na usiku ule alikufa. Inaniuma mpaka leo, maana dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya kununua. Chagua mmoja mkubwa na mmoja mdogo, tofauti uione bila kupima. Au chukua wawili wachanga kabisa ambao bado hawajageuka, wapange wenyewe. Usiongeze jike la pili hata siku moja, na usichanganye aina mbili za klauni kwenye tangi dogo. Mtafiti Peter Buston, aliyewachunguza klauni wa Papua Guinea Mpya, alionyesha mwaka 2003 kwamba mdogo hujizuia kukua ili asimfikie aliye juu yake. Mimi ninayeshinda na tepe shingoni nililielewa hilo mara moja: kwa klauni, kipimo cha mwili ndicho cheo.

Sasa, wameshaingia majini na wanapigana. Usitie mkono. Kaa mbele ya kioo nusu saa, bora baada ya kuwalisha, umwangalie anayepigwa. Je, anatetemeka? Anakuja kwenye chakula hata kama anakula pembeni? Mapezi yakichanika kidogo ncha, hupona yenyewe kwenye maji safi. Lakini ukiona amebanwa kona ya juu mchana kutwa, hali chakula, anahema kwa kasi, magamba yametoka, au pezi limechanika hadi shina, usisubiri kesho. Wakishikana midomo na kurudia tena na tena bila mmoja kusalimu, watenganishe saa hiyo hiyo. Usiku ni tofauti kidogo: klauni wengi hulala kiubavu karibu na uso wa maji, na wageni huwadhania wamekufa. Waache walale.

Unayemtoa ni yule anayepiga. Wengi humtoa majeruhi kwa huruma, lakini ukimrudisha anakuta mwenzake ameshalizoea tangi zima kuwa lake peke yake, na kipigo kinaanza upya kikiwa kikali zaidi.

Mimi natumia kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, nilichonunua soko la Mbuyuni. Kiwe kipya, kisichowahi kuguswa na sabuni, chenye matundu madogo ambayo kichwa cha samaki hakipiti. Nakifunga kwenye ukingo wa tangi kwa nailoni ya kuvulia, nusu kiwe majini, na juu nakifunika kwa wavu wa plastiki wa dirishani kwa sababu klauni huruka. Usitumie wavu wa chuma wala waya wa shaba. Chuma kinashika kutu kwenye maji chumvi, na shaba ni sumu kwa konokono na kamba ulionao humo. Kiweke mahali ambapo maji ya pampu yanapita, waonane na kunusana bila kufikiana.

Umeme ukikatika, anayeumia kwanza ni wa kikapuni, kwa kuwa pale maji hutulia haraka. Mimi naweka jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu, la pampu ya betri ndani ya kikapu chenyewe. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya mlimani inaposhuka, naangalia kipimajoto asubuhi na jioni pia. Nawaweka kwenye nyuzi 26, na chumvi 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji. Samaki mwenye jeraha hataki maji yanayopanda na kushuka.

Mwache humo siku tano hadi saba. Aliyebaki nje alishwe vizuri, uduvi uliosagwa kidogo kidogo mara mbili tatu kwa siku, na maji yabadilishwe sehemu moja ya kumi kila baada ya siku mbili. Siku ya kumfungua, hamisha mawe na chungu kwanza, ili mkali arudi kama mgeni. Walishe wote, zima taa, kisha inamisha kikapu atoke mwenyewe gizani. Asubuhi kaa tena mbele ya kioo. Wakirudia kushikana midomo hata baada ya mara ya pili ya kikapu, hao hawatakaa pamoja. Mtafutie mmoja wao tangi lingine.

Na mawe yakishakaa, yaache. Mwezi mmoja baada ya hawa wangu kuelewana niliosha tangi nikapanga kila kitu upya kwa sababu ya urembo tu. Mdogo akaacha kutetemeka, akajificha, jike akamwandama mchana kutwa. Ilibidi nimtie jike kikapuni siku sita.

Sasa wanalala pamoja mdomoni mwa chungu. Anemoni, yule mnyama wa baharini ambaye klauni huishi kwenye minyiri yake, sina, na hawamhitaji. Chungu cha udongo kinawatosha, na humo ndani ndimo wametaga. Mayai huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi kutegemea joto, na dume ndiye anayeyapepea. Wakati huo jike hung'ata chochote kinachoingia majini, kwa hiyo nasafisha kioo kwa brashi ya mpini mrefu na ule upande wa chungu siugusi kabisa.