Nani aandikwe mwandishi? Kubalianeni mapema

Makala yangu ya kwanza ya malaria ilikuwa na majina sita. Tulioiandika tulikuwa wawili. Mmoja wa wale wanne alichangia dizeli ya gari la kwenda kijijini. Siku mhariri alipouliza kila mtu alifanya nini, nilitokwa jasho.

Sasa, kabla ya kujaza hata dodoso moja, naweka mezani masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi awe na mchango mkubwa katika wazo, data au uchambuzi. Awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Aidhinishe nakala ya mwisho. Akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si moja. Hilo la kuwajibika liliongezwa mwaka 2013, na ndilo linalowakimbiza wengi.

Bosi aliyetafuta fedha tu? Mshukuru mwishoni mwa makala, kwa ridhaa yake. (Atanuna, ndiyo.)

Ukitaka kuongeza jina baada ya kutuma, mweleze mhariri sababu, na waandishi wote waridhie kwa maandishi. Programu ya akili mnemba haiandikwi mwandishi, eleza uliitumiaje.