Barua ya nidhamu ikikukuta kwenye fraterniti: mwongozo kwa wanafunzi na wazazi walioko Marekani

Aliyesoma bweni anajua njuka au mono hupokewaje: kufulia wakubwa nguo, kuimbishwa usiku wa manane, kunyimwa usingizi. Marekani mambo hayo yanaitwa hezingi, na katika majimbo mengi ni kosa la jinai. Anayeyachukulia kama utani wa wakubwa ndiye anayejikuta mbele ya kamati ya nidhamu akiuliza kosa lake ni lipi. Kusema "mwenyewe alikubali" hakusaidii pia, maana kanuni za vyuo vingi na sheria za majimbo mengi hazitambui ridhaa ya aliyeteswa kama utetezi.

Fraterniti ni vyama vya wavulana, sororiti ni vya wasichana. Wanafunzi wetu wengi huvutwa na vile tisa vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, ambavyo cha kwanza, Alpha Phi Alpha, kilianzishwa Cornell mwaka 1906. Baraza la vyama hivyo lilipiga marufuku utaratibu wa zamani wa kuwapitisha wapya kwenye majaribu mwaka 1990. Kwa hiyo ukiambiwa uje usiku, simu uiache chumbani na usimwambie mtu, jua kwamba hilo halimo kwenye utaratibu rasmi.

Kabla ya kulipa ada ya kujiunga, soma ripoti ya chuo. Sheria ya shirikisho iitwayo Stop Campus Hazing Act, iliyosainiwa Desemba 2024, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho za misaada ya wanafunzi kutangaza kwenye tovuti zao makundi yaliyopatikana na hatia ya hezingi: jina la kundi, kilichotendeka, adhabu na tarehe. Ripoti huongezewa taarifa mpya angalau mara mbili kwa mwaka. Ina mapengo mawili. Shauri ambalo halijaisha halimo. Na inahusu makundi yanayotambuliwa na chuo tu, kwa hiyo tawi lililofukuzwa na kuendelea kukutana kwenye nyumba ya kupanga mtaani halitaonekana. Fungua pia orodha ya matawi yanayotambuliwa. Jina lisipokuwepo, achana nao.

Malalamiko yakifika, hatua ya kwanza huwa amri ya kusimamisha shughuli, na mara nyingi inatoka kabla ya uchunguzi: hakuna mikutano, hakuna sherehe, na pengine hakuna kuwasiliana na wanachama wapya. Hapo ndipo watu hujiharibia. Mmoja anaingia kwenye grupu la WhatsApp anafuta ujumbe, mwingine anawapanga wapya waseme nini. Vyuo vingi huhesabu hayo kuwa makosa mapya, na mtu ambaye hakuwepo hata usiku wa tukio anaweza kuadhibiwa kwa kufuta tu.

Baadaye huja barua kwako binafsi. Hapa elewa kwamba jalada la tawi na jalada lako ni vitu viwili. Tawi linaweza kupewa onyo, uangalizi, kusimamishwa miaka kadhaa au kufutwa kabisa; wewe unaweza kusimamishwa au kufukuzwa chuo hata kama tawi limepona. Barua hutumwa kwenye barua pepe ya chuo, ile ambayo wengi hawaifungui, na usipojibu shauri linaweza kusikilizwa bila wewe. Angalia mambo manne: unaitwa kama shahidi au mtuhumiwa, kifungu gani cha kanuni kimetajwa, tukio ni la tarehe ipi, na una siku ngapi za kujibu. Kama la kwanza haliko wazi, uliza kwa maandishi kabla hujakanyaga ofisini.

Usitarajie mahakama. Kipimo cha ushahidi kwa kawaida ni mizani kuinama kidogo tu, yaani zaidi ya nusu. Unaruhusiwa mshauri, lakini kwingi hata akiwa wakili atakunong'oneza tu bila kusema mbele ya kikao. North Carolina ni tofauti: tangu 2013 wakili anaweza kukutetea kwenye vikao vingi vya nidhamu vya vyuo vya umma. Chuo cha binafsi kinabanwa zaidi na kitabu chake cha kanuni kuliko katiba ya nchi, kwa hiyo kipakue na ukihifadhi.

Maelezo ya maandishi ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko yote. Unachomwandikia mkuu wa wanafunzi kinaweza kuishia mezani kwa mwendesha mashtaka. Kama polisi wamehusika, au mtu ameumia, usiandike mstari hata mmoja kabla ya kuonana na wakili wa jinai. Mwaka 2017 katika chuo cha Penn State, Timothy Piazza, aliyekuwa akijiunga na fraterniti, alinyweshwa angalau vinywaji 18 ndani ya dakika 82, akaanguka ngazi, na ikapita karibu nusu siku kabla ya wenzake kupiga 911. Akafariki. Kamera za nyumba zilirekodi mengi ya usiku huo, na wanachama wengi walishtakiwa. Siku hizi vyuo vingi humsamehe kosa la ulevi anayeita msaada, ingawa msamaha huo mara nyingi haufuti kosa la hezingi.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ana mlima wa pili. Ukisimamishwa huwezi kusoma muda wote, na jalada lako la SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, linaweza kufungwa. Muone ofisa wa wanafunzi wa kimataifa kabla ya uamuzi kutoka. Ukijiondoa kwa idhini yake una siku 15 za kuondoka nchini. Jalada likifungwa kwa kuvunja masharti, huna hata moja. Usipunguze masomo ukashuka chini ya krediti 12 bila idhini hiyo. Na ukishauriwa kukiri kosa dogo mahakamani ili yaishe, mwambie wakili wako wewe si raia. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa utetezi anawajibika kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini.

Mzazi atakayepiga simu chuoni atajibiwa kwamba hawawezi kumwambia kitu, hata kama ndiye anayelipa ada. Sheria ya faragha inamtambua mwanafunzi kuwa mwenye jalada, kwa hiyo mtoto asaini fomu ya ridhaa mapema. Mkimiliki nyumba, someni pia bima yake: bima ya chama cha kitaifa kwa kawaida humtenga mwanachama aliyevunja kanuni ya hezingi, na familia ya aliyeumia ikifungua kesi ya madai, mawakili huitazama bima ya wazazi.

Rufaa ina muda mfupi, mara nyingi siku 5 hadi 10, na sababu tatu tu: utaratibu ulikiukwa, kuna ushahidi mpya, au adhabu imezidi kosa. Barua ya kuomba huruma hurudi bila kusomwa mara mbili. Andika badala yake: "Kanuni inataka nipewe ushahidi siku tano kabla ya kikao. Niliupata usiku wa kuamkia kikao. Barua pepe nimeambatisha."