Praima za zamani zinazogoma kulipuka

Umerithi boksi la praima za mzee huko Marekani (vile vikombe vidogo kwenye kitako cha risasi vinavyowasha baruti) na unataka kuzitumia kujaza risasi, yaani kuunda risasi upya kwa maganda yaliyotumika? Kwanza usizichanganye na mpya, halafu jaza risasi kama kumi tu ukazijaribu kiwanjani, zikigoma mbili tatu basi boksi lote hilo hulitegemei tena. Ukivuta traiga ukasikia tak na kimya, usifungue bunduki! elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 au zaidi maana inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida acha kabisa, kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu. Na zile za kijeshi za kabla ya miaka ya 1950 nyingi huacha chumvi inayoleta kutu, osha mtutu kwa maji moto siku hiyohiyo, ukaushe, upake oili. Kuzianika kwenye oveni? Thubutu, usijaribu kabisa.