Kutafuta pa kulala wikendi kwenye bichi za Florida baada ya kimbunga (usiamini picha, piga simu)

Sisi tunaoishi Florida tunajua, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni kuchungulia ramani ya hali ya hewa tu. Kimbunga kikishapita na umeme ukarudi, miezi michache mbele watoto wanaanza, baba bichi lini, na hapo ndo unakaa na simu unatafuta hoteli na kila kitu kwenye skrini kinaonekana kizuri kama vile hapajatokea kitu. Mi nishaliwa kwa njia hiyo, ngoja niwaambie ilivyokuwa halafu niwaambie siku hizi nafanyaje.

Aprili 2025 mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, tukasema tumpeleke akaone bahari ya huku, tukabuki moteli moja kwenye visiwa vile vya kaunti ya Pinellas, pwani ya magharibi karibu na Tampa, upande wa St. Pete Beach na Treasure Island. Picha zilikuwa safi kabisa, bwawa la bluu, viti vyeupe, minazi. Tumefika saa kumi na nusu jioni, bwawa limekauka na limezungushiwa wavu wa rangi ya chungwa, ndani kuna kiti kimoja cha plastiki kimelala chali. Lifti imebandikwa karatasi kwa selotepu, mbovu. Chumba chetu ghorofa ya nne. Mama ana miaka 67 na magoti yake anayajua mwenyewe, akapanda ngazi mdogo mdogo na kila akifika kona anasimama anajifanya anaangalia mandhari. Lakini kilichonishangaza zaidi ni pale chini, kabla hata hatujapanda, alisimama kwenye korido akanusa, akasema "mwanangu, hapa maji yalilala." Nikaangalia ukuta vizuri. Kuanzia sakafuni mpaka kiunoni jipsamu ni mpya, rangi imepishana kidogo na ya juu, mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Nilikuwa nimeshaupita mara mbili na mabegi sijauona.

Sasa kwa nini inakuwa hivi miezi saba baada ya kimbunga? Hapa inabidi uelewe kidogo kilichopiga eneo unaloenda, maana ndo kinachokuambia uulize nini. Pinellas ilipigwa na maji. Kimbunga Helene tarehe 26 Septemba 2024 hata hakikutua pale, kilipita mbali baharini kikaenda kutua kaskazini huko karibu na Perry, lakini kiliisukuma bahari ikapanda zaidi ya futi 6 ikaingia visiwani usiku. Upepo haukuwa na shida sana, shida maji. Na ghorofa ya chini ya hoteli ndo yenye kila kitu, mapokezi, jiko, dobi, mabodi ya umeme, na kwenye majengo mengi mitambo ya lifti. Kwa hiyo unakuta vyumba vya juu havijaguswa kabisa, kitanda kilekile na pazia lilelile, ila jengo halina lifti wala pa kufulia mashuka.

Siku 13 baadae kikaja kimbunga kingine, Milton, 9 Oktoba, hicho kikatua Siesta Key kule Sarasota. Pinellas ikala upepo, ndo ile mliyoona paa la uwanja wa Tropicana Field limechanika vipande, lakini maji ya Tampa Bay yenyewe yalivutwa yakatoka nje badala ya kuingia. Waliokula maji siku hiyo ni wa kusini, Venice na Manasota Key huko. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: palipoingia maji usikubali chumba cha chini mpaka umepauliza vizuri, palipopigwa upepo usikubali ghorofa ya juu kabisa mpaka umeuliza habari za paa. Palipopata vyote viwili, Mungu akusaidie, uliza vyote viwili.

Halafu kuna hii sheria watu wengi hawaijui, wanaiita ya asilimia 50. Jengo lililo eneo la mafuriko, gharama ya kulitengeneza ikifika nusu ya thamani ya jengo lenyewe (kiwanja hakihesabiwi), hauruhusiwi kurudisha lilivyokuwa, lazima ulilete kwenye viwango vya sasa, na mara nyingi hiyo maana yake ni kuliinua juu au kulivunja. Ndo maana zile moteli ndogo za zamani za ghorofa moja, zile tulizokuwa tunazipenda kwa sababu bei yake ilikuwa ya kibinadamu, nyingi zilikaa zimefungwa au zikauzwa kiwanja, na majengo marefu ya kondo (fleti za watu binafsi) yakatangulia kufungua. Ukiona kwenye mtandao moteli ya chini chini iliyo mita chache kutoka majini na ina bei ya kutupa, usishangilie kwanza. Na ukubwa wa jina nao si kinga, Don CeSar, ile hoteli ya pinki ya tangu 1928 ambayo kila mtu anapigia picha, nayo ilifungwa miezi kadhaa.

Kuhusu wakati wa kwenda. Wiki za mwanzo usiende, hata kama umeona chumba. Madaraja ya visiwani polisi wanayafunga, wanaingia wakazi wenye kibali, na hoteli za bara zinajaa mafundi wa umeme kutoka majimbo mengine, watu wa bima, na familia ambazo nyumba zao hazikaliki na FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, inawalipia chumba. Wewe na mapumziko yako unagombania kitanda na mtu aliyepoteza godoro, haipendezi. Mi nasubiri mpaka nione mji wenyewe, yaani serikali ya mji, umetangaza kwamba bichi na sehemu za kupaki zimefunguliwa. Tangazo la hoteli peke yake halitoshi, hoteli inataka hela yako. Ila ukishapafikia huo wakati nenda, maana wahudumu na wenye migahawa wanahitaji wateja kuliko wanavyohitaji kuonewa huruma.

Sasa kutafuta. Siku hizi naanzia bara, visiwani baadae. Nafungua ramani ya kaunti ya kanda za kuhama kimbunga kikija, zile A, B, C, na hoteli iliyo nje ya kanda A naipa alama kwanza, kwa sababu A ndo ya kwanza kuambiwa ihame na ndo maji yanapoanzia. Visiwa vyote vile ni A. Largo, Pinellas Park na sehemu kubwa ya katikati ya St. Petersburg utapata hoteli za kawaida ambazo hazikuingia maji kabisa, lifti inapanda, chai ya asubuhi ipo. Na watu wanasahau kuna basi la SunRunner linatoka katikati ya St. Petersburg moja kwa moja mpaka St. Pete Beach, mchana linapita kila robo saa hivi, unashuka hatua chache kutoka kwenye mchanga na haujagombania paking. Safari yetu ya pili na mama tulifanya hivyo na alilipenda lile basi kuliko bahari yenyewe, alikaa dirishani anahesabu nyumba zenye maturubai ya bluu juu ya paa.

Kama lazima ulale visiwani, haya, lakini picha za tangazo ziweke pembeni. Nenda kwenye maoni ya wageni, panga yaanze mapya, na usome ya miezi miwili ya mwisho tu. Nyota achana nazo, tafuta maneno: lifti, harufu, kelele, bwawa. Angalia picha walizopiga wageni wenyewe, hizo ndo zina ukweli. Pia NOAA, shirika la serikali la hali ya hewa na bahari, huwa wanarusha ndege kupiga picha za anga siku chache baada ya kimbunga na wanaziweka wazi bure, unatafuta anwani unaona kama hiyo nyumba ilibaki na paa au ilizungukwa na mchanga. Kwa nyumba za watu binafsi kuna jambo la ziada, Florida nyumba nzima inayokodishwa kwa wageni wa siku chache inatakiwa iwe na leseni ya DBPR, idara ya jimbo inayotoa leseni za biashara, na unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao kwa anwani au namba. Baada ya kimbunga matapeli wanachukua picha za nyumba iliyobomoka wanaipangisha kama vile ipo. Mtu akikuambia mmalizane nje ya mtandao, umtumie hela kwa Zelle (ile ya kutuma hela kwa simu) atakupunguzia, kata simu.

Halafu piga. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Piga namba ya hoteli ile ile, sio ile ya mtandao wa kubukia ambayo inapokelewa na mtu asiyejua hata bahari iko upande gani. Piga siku ya kazi, mchana, kama Jumanne saa nane, Ijumaa jioni mapokezi wanakimbizana hawana muda na wewe. Na usiulize "mmefungua?" maana jibu lake siku zote ni ndio. Mi nauliza hivi, lifti inafanya kazi leo? Sio wiki ijayo, leo. Chumba changu kiko ghorofa ya ngapi na maji yalifika ghorofa hiyo? Bwawa lina maji? Mafundi wanaanza kugonga saa ngapi na Jumamosi wanagonga? Ukiuliza la mafundi vizuri, kwa upole, mhudumu mwenyewe anafunguka. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "mzee, ukinisikiliza mimi chukua upande wa barabarani, upande wa bahari ndo wanamwaga zege." Alikuwa sahihi kabisa, nilimuachia tipu mezani.

Ukishapata majibu mwombe akuandikie kwenye imeli, hata mistari miwili. Au wewe mwandikie, nimeongea na mapokezi leo nimeambiwa lifti na bwawa vinafanya kazi. Hiyo imeli ndo silaha yako ukifika ukakuta kinyume. Kwenye ile moteli ya kwanza sikuwa nayo, nikabaki kubishana na kijana wa mapokezi ambaye wala hakuwa na makosa, na hela hazikurudi.

Bei. Pinellas kodi ya chumba jumla ni asilimia 13, hiyo weka kichwani. Kuna na ile ada ya rizoti ya kila siku, tangu Mei 2025 sheria ya shirikisho inataka ada za lazima zionekane kwenye bei tangu mwanzo, ila kodi bado inaruhusiwa kuongezwa mwishoni, kwa hiyo dola 139 uliyoiona sio utakayolipa. Na kama ada ya rizoti ni ya bwawa, taulo na viti, na bwawa limekauka, waambie waiondoe. Sio wote wanakubali ila wengi wanapunguza ukiomba kistaarabu kabla haujapewa ufunguo. Buki kile kinachorudisha hela mpaka siku mbili kabla, hata kama ni ghali kidogo, hasa Agosti mpaka Oktoba. Bima ya safari nayo nunua mapema, kimbunga kikishapewa jina kampuni nyingi za bima hazikilipii tena. Na ukiona bei imepaa ghafla wakati gavana ametangaza hali ya hatari, hiyo Florida ni kosa, hoteli zimo, ripoti kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, piga na skrinshoti.

Ukifika usishushe mabegi. Mtu mmoja apande chumbani peke yake, azime kiyoyozi, afunge mlango akae dakika tano ananusa. Kiyoyozi kikiwa kinapuliza kinaficha, na dawa ya kunukisha iliyochomekwa kila soketi ni dalili mbaya zaidi ya harufu yenyewe. Aangalie chini ya sinki, nyuma ya pazia, na dari ya bafuni kama kuna madoa meusi ya fangasi. Afungue maji ya moto. Kama una mtoto mwenye pumu hili sio la kurukia, badilisha chumba au badilisha hoteli. Siku hizi kazi hii tumempa mama, akisema twendeni basi tunashusha, akisema hapana tunarudi kwenye gari hatuulizi.

Kwenye mchanga vaeni kandambili za kufunga, misumari na vioo vinaendelea kuibuka muda mrefu sana, na kabla ya kuingia majini angalia taarifa za idara ya afya za usafi wa maji na kama kuna redi taidi (mwani wenye sumu baharini), ukianza kukohoa tu ukifika bichi na macho yanawasha basi ipo, geuzeni. Mei mpaka Oktoba kasa wanataga, usiku taa za upande wa bahari zimeni.

Jumapili kama mnarudi Orlando ondokeni kabla ya saa tano asubuhi. Baada ya hapo I-4, barabara kuu ya kwenda Orlando, inafungana, na watoto wana mchanga mpaka masikioni.