Upawa wenye sharti: namna ya kutunga kitabu cha picha cha maajabu kwa watoto

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu wa skuli ya maandalizi huko Wete, kisiwani Pemba, aliyetaka kitabu cha picha cha maajabu kitakachowafunza watoto wake wema na matokeo ya vitendo vyao. Unamfaa mwalimu au mzazi anayejua kuchora kidogo na aliye na penseli, ufutio na karatasi za A4. Kompyuta haihitajiki mpaka mwisho, na kwa maoni yangu anayeifungua mapema huishia kupamba hadithi ambayo bado haijasimama.

Hatua ya kwanza: chagua kitu, kisha kiwekee sharti

Maajabu yakae katika kitu cha nyumbani, yasikae ndani ya mtu. Pemba ina jina la uganga pwani nzima, na wazazi wetu hawalichukulii jambo hilo kuwa mchezo. Kitabu chenye mganga au bibi kizee mchawi kitarudishwa skuli, na hata kisiporudishwa, mtoto atamtazama jirani yake mzee kwa jicho jengine. Bara wako wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Vilevile, dua na aya zisitumiwe kuwa maneno ya kufungulia maajabu.

Mimi hupenda vyombo vya jikoni: kinu, mbuzi ya nazi, kata. Mfano wetu hapa ni wa Faki, mtoto wa miaka saba, aliyepewa upawa usiomaliza uji wa futari chunguni. Sharti lisemwe kwa sentensi moja ambayo mtoto ataikariri: mpakulie mwengine kwanza, kisha jipakulie. Likihitaji «isipokuwa», tafuta sharti jengine.

Hatua ya pili: yatoe matokeo ndani ya kosa lenyewe

Hatua hii ndiyo iliyotula saa nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Watunzi wengi huanza na adhabu: Faki kafanya uchoyo, Faki kageuka kunguru. Kunguru hana uhusiano wowote na uji, na anayesomewa hujifunza tu kwamba mchoyo akikamatwa huumizwa. Matokeo yanayofaa huota pale pale palipovunjwa sharti. Faki anapojipakulia kwanza, tundu dogo linatokea kitakoni mwa upawa. Akirudia, tundu linapanuka, na uji unavuja kabla haujafika bakulini mwake. Hakuna mtu mzima anayehitajika kumkemea, na mchoraji anaonyesha yote kwa kukuza duara moja.

Wazee wetu walilijua hili. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyo miongoni mwa ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere huko London mwaka 1870, maskini aliyetajirishwa na paa anamtupa paa huyo anapougua. Paa akishakufa, tajiri anazinduka yuko jaani, anachakura kama zamani. Alichokipata kwa paa kimeondoka na paa. Ngano hiyo, hata hivyo, haimpi njia ya kurudi, na kwa watoto wa maandalizi naona ni lazima njia iwepo.

Njia yenyewe isiwe rahisi. Tundu lisizibwe kwa neno «samahani». Lizibike kidogo kidogo kila Faki anapompakulia mtu, ili mtoto alione likipungua ukurasa baada ya ukurasa. Angalia pia nani anaumia. Katika rasimu ya mwalimu, uji ulikauka chunguni na Bi Mize, jirani mjane, akakosa futari. Watoto waliposomewa waliuliza Bi Mize kakosa nini, na hakuna aliyemkumbuka Faki. Hasara imshike mkosaji kwanza. Kilema, upofu na maradhi visiwe adhabu kabisa, kwa sababu darasani huenda amekaa mtoto mwenye hali hiyo hiyo. Mwisho, wema usilipwe kwa dhahabu, kwani mtoto atauona kuwa biashara. Faki apate uji wake na watu wa kufuturu nao, hayo yanamtosha.

Hatua ya tatu: tengeneza kitabu cha majaribio

Kunja karatasi nane za A4 katikati na uzipachike moja ndani ya nyengine. Utapata kurasa 32, ambao ni urefu wa kawaida wa vitabu vya picha. Ukurasa wa 1 ni wa jina, wa 2 na wa 3 ni wa hakimiliki na utangulizi, na kuanzia wa 4 hadi wa 31 una jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Chora vikaragosi tu. Jambo la kushtua lisikae kulia, ambako jicho huliona mapema: Faki achovye upawa kulia, na tundu lionekane baada ya kufunua.

Hatua ya nne: maneno

Yasizidi 500. Futa kila sentensi inayoeleza kinachoonekana katika picha, na ile inayoanza na «Basi watoto» ifutwe pia.

Hatua ya tano: picha

Natumia rangi ya maji kwenye karatasi nzito, na sishawishiki na picha zinazotengenezwa na programu, kwa sababu Faki huweza kubadilika sura ukurasa hadi ukurasa. Uso wa mtu usiangukie kwenye mkunjo wa katikati. Michoro ipitishwe kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu huleta kivuli na kupinda kingo.

Hatua ya sita: kupiga chapa

Kitabu cha kubanwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne. Picha inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 kila upande wa kukatwa, na faili lipelekwe likiwa PDF. Omba nakala moja kwanza na uifunue mwenyewe hadi mwisho, hasa jozi ya katikati, ukurasa wa 16 na wa 17, ambapo pini hupita juu ya mchoro. Nakala nyengine zipigwe chapa baada ya hapo.